Polisi, Risasi na Mgongo wa Anayekimbia

FEZA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na wa kwingineko. Niko na mkubwa wangu, Yaya Ilunga, kama kawaida. Leo tunazungumzia jambo linalogawanya watu hata ndani ya nyumba moja: je, polisi ana haki ya kumpiga risasi mshukiwa anayekimbia tu, ambaye hajamwelekezea mtu yeyote silaha? Yaya, nakujua, wewe si mwepesi wa kumhurumia mwizi.

ILUNGA: Si mwepesi, mdogo wangu, wala sioni haya kulisema. Anayeishi hapa mjini katika mitaa ya Katuba au Ruashi anajua usiku unavyokuwa umeme ukikatika. Unasikia mlango wa jirani ukivunjwa, watu wanaanza kupiga masufuria na filimbi ili mtaa uamke, na polisi wakifika, mara nyingi majambazi wameshatoka na simu, televisheni na pengine uhai wa mtu. Ukimwambia mama aliyevamiwa kwamba yule aliyekimbia ana haki zake, atakuuliza kama yeye hana.

FEZA: Swali lake ni la haki, na tutalirudia. Niruhusu kwanza nitoke nje ya Kongo, kwa sababu mjadala huu una kesi yake kubwa. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, polisi wawili waliitwa kwenye nyumba iliyovunjwa. Mmoja wao, Elton Hymon, alizunguka nyuma, akasikia mlango ukijibamiza, akaona mtu akikatiza uwanja mbio hadi kwenye ua wa wavu. Alimmulika kwa tochi, akaona uso na mikono yake, na hakuona silaha. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa mtu yule hakuwa nayo. Akapaza sauti kumwamuru asimame. Yule akaanza kuupanda ua, na Hymon, akijua kwamba akishavuka hatamkamata tena, akampiga risasi nyuma ya kichwa. Aliyekufa aliitwa Edward Garner, mwenye umri wa miaka 15. Alikutwa na pochi na dola 10 kutoka katika nyumba ile.

ILUNGA: Hapo tumtendee haki polisi. Zile dola 10 zilijulikana baada ya risasi. Wakati anafyatua, mbele yake kulikuwa na mtu anayetoka usiku katika nyumba ya watu, na ndani huenda mlikuwa na maiti.

FEZA: Hoja yako ina mtetezi mkubwa. Baba wa kijana alifungua kesi, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatolewa tarehe 27 Machi 1985, majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika kwa niaba ya wale 3, alisema karibu hayo unayosema: kwamba kuvunja nyumba usiku ni kosa la hatari, kwamba mara nyingi huzaa ukatili, na kwamba majaji walioketi kwa utulivu wasimhukumu kirahisi polisi aliyelazimika kuamua gizani papo hapo. Lakini walio wengi, kwa kalamu ya Jaji Byron White, waliona kwamba kumuua mtu ni namna ya kumkamata, tena isiyo na marekebisho, na kwa hiyo lazima ipimwe. Waliandika kwamba si bora washukiwa wote wa makosa mazito wafe kuliko watoroke. Polisi anaweza kufyatua ikiwa ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba anayekimbia ni tishio la kifo au la majeraha makubwa kwake au kwa wengine, na atoe onyo pale inapowezekana.

ILUNGA: Kwa hiyo hawakumwondolea polisi bunduki.

FEZA: Hata kidogo. Walichomwondolea ni ile sheria ya kale ya Kiingereza iliyosema kwamba mkosaji mzito akikimbia, anaweza kuuawa. Ukitaka kuielewa sheria hiyo, kumbuka kwamba ilizaliwa wakati ambapo karibu kila kosa zito liliadhibiwa kwa kifo. Aliyempiga risasi mkosaji anayekimbia alihesabiwa kuwa ametangulia tu kazi ya mnyongaji. Adhabu zikapunguzwa, sheria ya kukimbia ikabaki vilevile.

ILUNGA: Sasa umenipa silaha, mdogo wangu. Kwetu Kongo adhabu haikupunguzwa. Kifungu cha 81 bis cha kanuni yetu ya adhabu kinasema kwamba wizi wa kutumia silaha huadhibiwa kwa kifo. Na mwezi Machi 2024 serikali iliondoa usitishaji wa kunyonga uliokuwepo tangu 2003. Kwa mantiki ya Waingereza wa zamani, jambazi wa Lubumbashi anayekimbia na bunduki ameshajihukumu.

FEZA: Ameshajihukumu mbele ya nani? Kifungu hicho kinamwelekea hakimu, na hakimu anahitaji mashahidi, utetezi na rufaa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 16 kwamba binadamu ni mtakatifu, na katika kifungu cha 17 kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Polisi aliye kwenye kona ya barabara saa nane za usiku hana hata uhakika kwamba anayemwona ndiye aliyevunja mlango. Hapo ndipo mimi nasimama: yote anayoyatumia kujitetea lazima yawe yale aliyoyajua kabla ya kufyatua. Bastola iliyookotwa kando ya maiti asubuhi haiwezi kuihalalisha risasi ya usiku, hasa kama hakuna aliyeiona mapema.

ILUNGA: Lakini mtu asiye na kosa anakimbia nini?

FEZA: Yaya, hilo unaniuliza hapa Lubumbashi? Kijana anayetoka kazini usiku akiona doria anajua kwamba huenda ataulizwa kitambulisho, kisha karatasi nyingine, kisha pesa, na asipokuwa nazo atalala kwenye jela ndogo ya kituo. Anakimbia kuokoa nauli yake. Tena risasi zikilia kila mtu hukimbia, mwizi na aliyevamiwa pamoja. Ukifanya kukimbia kuwa ushahidi, utawaua wote kwa ushahidi uleule.

ILUNGA: Hilo nalikubali, na nitaongeza jambo ambalo watu wa Memphis hawakulihitaji. Polisi wao alikuwa na bastola. Wa kwetu hubeba kalashnikofu. Katika mitaa ambako parseli, yaani viwanja vya nyumba, zimebanana na kuta ni za matofali ya udongo, risasi iliyomkosa anayekimbia haiishii hewani. Inaweza kupenya ukuta na kumkuta mtoto aliyelala. Hata ukimchukia jambazi kiasi gani, hesabu hiyo ipo.

FEZA: Na sisi tuna historia yetu ya umma kuwapigia polisi makofi. Kati ya Novemba 2013 na Februari 2014, polisi waliendesha Operesheni Likofi mjini Kinshasa dhidi ya kuluna, yaani magenge ya vijana wahalifu wa mitaani, na wengi walifurahi mwanzoni. Mwezi Oktoba 2014 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilichapisha ripoti iliyoeleza kuuawa kwa watu wasiopungua 9 na kutoweka kwa 32. Mkuu wa ofisi hiyo, Scott Campbell, akafukuzwa nchini. Mwezi uliofuata shirika la Human Rights Watch lilitaja vijana na watoto 51 waliouawa na 33 waliotoweka.

ILUNGA: Hiyo si kesi ya kukimbia, Feza. Wengine walitolewa majumbani mwao.

FEZA: Kweli, hawakuwa wakikimbia, na ndiyo maana naitaja. Ruhusa ya kumpiga anayekimbia ikishazoeleka, hakuna anayeuliza tena kama marehemu alikuwa amekimbia au amekaa kitandani. Ripoti itasema tu kwamba alijaribu kutoroka.

ILUNGA: Ufaransa nao wana fundo lao. Sheria ya tarehe 28 Februari 2017 ilipanua nafasi ya polisi kufyatua kwa madereva wanaokataa kusimama, na tarehe 27 Juni 2023 kijana wa miaka 17 aliuawa ndani ya gari huko Nanterre, nchi ikawaka moto kwa siku kadhaa. Mimi nawaelewa polisi wanaolalamika kwamba kila nchi inawapa sheria ndefu na muda mfupi.

FEZA: Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinataka maamuzi hayo yafundishwe kabla. Kanuni ya 9 inakubali bunduki kuzuia utoro wa mtu aliye hatari kwa maisha ya wengine, pale njia nyepesi haitoshi. Kumuua kwa makusudi ni pale tu isipoepukika kabisa kwa kulinda uhai. Tofauti ninayoiona ni kile kinachofuata. Nani anafungua faili? Nani anahesabu maganda ya risasi?

ILUNGA: Kwetu jibu liko katika Katiba, kifungu cha 156: makosa ya polisi huhukumiwa na mahakama za kijeshi. Humo familia inaweza kujiunga kama upande wa madai. Nadhani ni sawa, kwa sababu oditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, anaijua bunduki. Hatadanganywa kwamba ilijifyatua yenyewe.

FEZA: Na mimi nadhani mjane wa Kamalondo anaogopa kuingia katika jengo lililojaa sare. Hapo hatujakubaliana, wala sidhani kwamba tutakubaliana leo. Lakini nikubalie kwamba faili lifunguliwe hata kama aliyekufa alikuwa jambazi kweli.

ILUNGA: Nakubali, mradi faili hilohilo liandike ni nani alivamiwa usiku ule, aliwaita polisi saa ngapi, na walifika saa ngapi.

FEZA: Na yaandikwe kabla maiti haijazikwa.