Jinsi ya kuchagua ikoni huria kwa programu ya chanzo huria: mfano wa mwaloni, Mwanza

Karibu, mtazamaji. Leo tunachagua ikoni za programu ya chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Mfano wetu ni programu ya kuandika mauzo ya samaki mwaloni, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, inayofunguka kwenye kivinjari cha simu. Skrini yake ya kwanza inahitaji ikoni sita: samaki, mizani, barafu, mtumbwi, gari na fedha.

Kabla hujapakua chochote, tengeneza faili la maandishi ndani ya folda ya mradi, uliite IKONI.md. Kila ikoni ipate mstari wake: jina la faili, mchoraji au seti, anwani ya ukurasa ilikotoka, leseni pamoja na namba ya toleo, na ulichobadilisha. Jaza palepale unapopakua. Ukiahirisha, baadaye utakuta faili linaitwa samaki2.svg na hakuna anayejua lilitoka wapi. Faili la namna hiyo halina dawa, litoe tu utafute jingine.

Sasa leseni, na hapa tutakaa kidogo. Tovuti nyingi hukupa ikoni bila malipo, lakini masharti yake yanakataza kuzigawa upya kama mafaili. Mradi wa chanzo huria hugawa mafaili kila mtu anaponakili msimbo, kwa hiyo ikoni hizo hazikufai hata kama hukulipa senti.

Leseni zinazofaa ni hizi (zinazoanza na CC ni za Creative Commons). CC0 haikudai chochote. MIT na ISC zinataka ubaki na tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni. Apache 2.0 inataka nakala ya leseni, na useme kama umebadilisha faili. CC BY 4.0 inataka umtaje mchoraji, uweke kiungo cha leseni na ueleze ulichobadilisha. CC BY-SA nayo ni huria, ila ikoni utakayoibadilisha lazima itoke na leseni ileile au inayokubaliana nayo, kwa hiyo iweke kwenye folda yake na leseni yake.

Ukiona herufi NC au ND kwenye jina la leseni ya CC, achana nayo. NC inazuia matumizi ya kibiashara, na mchuuzi wa dagaa pale Kirumba akiandika mauzo yake, hiyo ni biashara tayari. ND inazuia kusambaza ikoni iliyobadilishwa, wakati mradi wako unamruhusu yeyote kubadilisha.

Wapi pa kuanzia? Kuna seti hizi za ikoni. Lucide ina leseni ya ISC, na ikoni zake zilizorithiwa kutoka seti ya Feather zina MIT. Tabler ni MIT. Material Symbols ni Apache 2.0. Font Awesome ina sehemu ya bure, michoro yake ni CC BY 4.0, na sehemu ya kulipia ambayo usiiguse kwa mradi huu. Usiridhike na maneno ya ukurasa wa mbele. Nenda kwenye hifadhi ya msimbo wa seti hiyo, fungua faili la LICENSE, usome.

Kwa ikoni ya fedha, usichukue nembo ya kampuni ya simu. Hata nembo iliyochorwa upya chini ya CC0 bado ni alama ya biashara ya mwenyewe, kwa sababu CC0 haigusi haki hiyo. Tumia pochi au noti.

Chagua seti moja, ubaki nayo. Lucide huchora kwenye mraba wa 24 kwa 24, mstari wa unene wa 2. Ukichanganya na ikoni za seti ya Heroicons zenye mstari wa 1.5, skrini itaonekana imeshonwa viraka. Ikoni isiyopatikana ichore mwenyewe kwa Inkscape, programu huria ya kuchora, kwa vipimo hivyohivyo, ncha za mistari ziwe za mviringo. Barafu, kwa mfano: seti nyingi zina chembe ya theluji, lakini mwaloni barafu huja kwa mabonge, kwa hiyo bonge la mraba litaeleweka haraka zaidi. Na mizani yenye sahani mbili inamkumbusha mtu mahakama. Tafuta au chora mizani ya kuning'inia.

Pakua SVG (mafaili ya michoro inayokuzwa bila kufifia) za ikoni sita tu, usibebe fonti nzima ya ikoni. Ziweke ndani ya mradi, zisiitwe kutoka seva ya mbali, maana mtandao ukikatika visiwani Ukerewe vitufe vitabaki vitupu. Kwenye faili, badilisha rangi ya mstari iwe currentColor ili ikoni ifuate rangi ya maandishi.

Ukipunguza ukubwa wa mafaili kwa SVGO, zana ya kupunguza SVG, angalia mambo mawili. Kwa kawaida huondoa maelezo yote ya ndani, pamoja na tamko la leseni. Yanabaki yale tu yanayoanza na alama ya mshangao. Na matoleo ya kabla ya 4 huondoa viewBox, yaani vipimo vya eneo la mchoro, ndiyo maana ikoni hukatika unapoikuza. Zima uondoaji huo kwenye mipangilio.

Ukubwa uwe pikseli 24 au 48. Ukiweka 30, mistari huangukia katikati ya pikseli na kufifia.

Mwisho, ondoa maandishi yote kwenye skrini, nenda mwaloni saa sita mchana, jua likiwa kali. Wape simu watu watano, kama mpimaji au mama muuza sato, umuulize kila mmoja kila kitufe kinafanya nini. Ikoni watakayokosea wawili kati ya watano, ibadilishe, kisha urekebishe mstari wake kwenye IKONI.md.