Ishirini: Namba Iliyo Nyuma ya Maneno "Haina Gluteni"

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliosimama kule nyuma, huku mbele bado kuna viti, njooni.

Nimeshika pakiti mbili za unga. Hii imeandikwa "haina gluteni". Hii nyingine, "haina ngano". Anayeona ni mamoja anyooshe mkono. Naam, mikono si haba. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na baadhi ya nafaka nyingine. Shayiri si ngano, nafaka ya rai si ngano, lakini zote mbili zina gluteni. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa seliaki akiiamini pakiti ya pili anaweza kula shayiri mpaka ashibe, na lebo isiwe imesema uongo hata neno moja.

Ugonjwa wenyewe nitaugusa tu, maana baadhi yenu mnaujua kuliko mnavyopenda. Kinga ya mwili inaugeukia utumbo mwembamba kila gluteni inapopita. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalika, ukuta unabaki tambarare. Mtoto anadumaa, mtu mzima anapungukiwa damu, mifupa inakuwa dhaifu. Inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi hawajijui. Tangu daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, alipoeleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kuwa ngano ndiyo mchokozi, tiba imebaki ile ile: usile. Ndiyo maana kwa watu hawa lebo ni sawa na cheti cha dawa.

Sasa, lebo ikisema "haina", wewe na mimi tunasikia sifuri. Sheria haikusema sifuri. Mwaka 2008 tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ilikubaliana kwamba chakula chenye gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo kinaweza kubeba maneno hayo. Ulaya inatumia namba hiyo. Marekani iliipitisha mwaka 2013; kabla ya hapo kila mwenye kiwanda kule aliandika "haina gluteni" kwa tafsiri yake mwenyewe.

Kwa nini 20, na si 5 wala 100? Kuna utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007. Watu wazima wenye seliaki, waliokwisha kupona kwa kuacha gluteni, walimeza kidonge kila siku kwa siku 90. Wengine chao kilikuwa na miligramu 50 za gluteni, wengine 10, wengine hakikuwa na kitu. Kwa wale wa 50, utumbo ulianza kuharibika tena. Wale wa 10 kwa jumla hawakuonyesha madhara ya wazi, ila mmoja wao aliugua. Huyo mmoja msimsahau, mimi simsahau.

Tuipime hiyo 50. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni kama gramu 2, yaani miligramu 2,000. Kikate mara arobaini. Kisehemu kimoja ndiyo hiyo 50. Ni zile chenga unazozipangusa mezani kwa kiganja baada ya chai. Upande wa pili, chukua chakula kilichofika kabisa kwenye kikomo cha 20. Ili upate miligramu 10 itakubidi ule nusu kilo nzima kwa siku. Hesabu ikakubalika kwa upande wa utumbo. Ikakubalika kwa upande wa maabara pia: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kuwa 20 ndicho kiwango cha chini ambacho vipimo vilivyothibitishwa vinakiona kwa uhakika katika vyakula vya aina nyingi. Kwa hiyo namba hii ni mapatano kati ya tumbo na mashine. Mimi nayakubali. Lakini mapatano yana mahali yanapovuja, na mahali penyewe ni kwenye wastani.

Chukueni oti, ile nafaka ya uji. (Wapo wanaoiita shayiri, na tafsiri hiyo kwenye pakiti ni balaa tupu.) Oti safi wengi wenye seliaki wanaivumilia. Tatizo ni jirani zake: shamba lile lile, lori lile lile, ghala lile lile na ngano. Punje moja ya ngano ina uzito wa miligramu 35 hadi 40 hivi, na karibu sehemu moja ya kumi ni gluteni. Idondoke punje hiyo moja kwenye bakuli lako la gramu 50, tayari umefika miligramu 70 kwa kilo au zaidi. Bakuli la jirani yako ni safi kabisa. Kiwanda kikichanganya sampuli za mabakuli mengi kikapima mara moja, kinapata wastani mzuri na kinalala usingizi. Aliyeipata punje halali.

Mwaka 2015 kampuni moja kubwa Marekani ilirudisha maboksi milioni 1.8 ya nafaka za kifungua kinywa zilizoandikwa "haina gluteni". Unga wa ngano ulikuwa umeingia kwenye mitambo ya oti. Kwa bahati mbaya tu, na maboksi yameshafika kwenye meza za watu.

Australia na New Zealand wamekwenda njia nyingine: gluteni isionekane kabisa kwenye kipimo, na oti haibebi maneno hayo. Kipimo kikiwa kikali zaidi, sheria nayo inakaza bila bunge kukutana. Mgonjwa anafurahi, mwenye kiwanda anaumwa kichwa.

Dada hapa mbele anauliza kuhusu pakiti isiyo na neno lolote, si "haina gluteni" wala "huenda ikawa na ngano". Swali zuri. Ulaya, shayiri na rai zikiwa viungo ni lazima zitajwe. Marekani, sheria ya vizio, yaani vyakula vinavyoleta mzio, ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itajwe. Shayiri haimo, kwa hiyo kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kinaweza kujificha ndani ya maneno "ladha za asili". Na lile onyo la "huenda" ni hiari, kote huko. Anayeliandika anaweza kuwa mwangalifu kuliko aliyenyamaza.

Kwa hiyo, dada, pakiti yako hiyo mimi nisingeifungua kwanza. Ningewapigia simu watengenezaji niwaulize wanapima nini, mara ngapi, na kama wanapima kila shehena au sampuli moja kwa mwezi. Wakikujibu "usijali, mteja wetu", irudishe rafuni.