Nyanya za Juni na maji yanayochemka mapema

Ndugu zangu, mvua ya Machi hadi Mei ikikatika, nyanya huiva zote kwa mpigo na sokoni sanduku zima halina bei. Basi tuzitie chupani. Ila tuanze na maji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mapovu ni yale yale ya Mombasa, joto silo. Anayefuata dakika za watu wa pwani anaweka chakula kisichoiva vya kutosha.

Chukua nyanya ngumu zilizoiva. Zilizotoka kwenye mche uliokwisha kufa zipike leo leo, maana asidi yake imepungua. Zitumbukize katika maji yanayochemka sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi; ganda litatoka lenyewe. Zikate robo, ponda chache kwanza sufuriani zitoe maji yake, ongeza nyingine huku ukikoroga, zichemke dakika 5.

Chupa ziwe za kioo cha kuhimili moto, zenye mdomo mpana na vifuniko vipya. Katika kila chupa ya lita moja tia vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya dukani. Limau la kukamua lina ukali usiotabirika: hili kali, lile chapwa. Chumvi ni ya ladha tu, haihifadhi chochote hapa. Jaza, ubakize nafasi ya upana wa kidole, ufute mdomo wa chupa; hata mbegu moja ikibaki pale, kifuniko hakitashika.

Tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, maji yapite vifuniko kwa sentimita 3. Anza kuhesabu yakichemka kabisa: dakika 55 kwa Kampala, 60 kwa Kabale iliyo juu zaidi. Chupa za nusu lita, 45 na 50. Yakiacha kuchemka katikati, hesabu upya, hata kama makaa yamepanda bei.

Kesho yake bonyeza kifuniko katikati. Kikidunda, nyanya hizo ni za mboga ya siku hiyo.

Swali limetoka nyuma: maharage mabichi na majani ya kunde je? Hapana, si kwa njia hii. Hayana asidi ya kutosha, na mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili maji yanayochemka, kisha hutoa sumu ndani ya chupa iliyofungwa, mara nyingine bila harufu yoyote. Kunde fanyeni kama wafanyavyo kaskazini mwa Uganda, zikausheni. Zichovye kwenye maji ya moto dakika 2, zipoeze, zianikwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huua vitamini A. Jani likivunjika mkononi kwa mlio, limekauka. Likikunjika tu, litaota ukungu ndani ya mfuko.