Kabla Hujanunua Nyingine, Tafuta Kinachobana

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongelee namna ya kuchokonoa simu na laptopu zetu hizi ili zitupe zaidi ya tunachopata sasa, na najua wengine mmekuja mkitegemea niwape apu fulani ya siri ambayo ukiiweka tu simu inakimbia. Hakuna. Kifaa kikiwa kizito mara nyingi kuna sehemu moja inayobana, na kazi yako ni kuijua hiyo sehemu kabla hujatoa hela, maana usipoijua utabadilisha kila kitu na bado kitaganda vilevile.

Nyoosheni mikono, nani simu yake inamwambia nafasi imejaa? Eeh, karibu nusu ya chumba! Nyie tatizo lenu sio prosesa, yani ubongo wa simu. Memori ya ndani ikikaribia kujaa simu inakosa pa kuandikia vitu vyake, kila ikitaka kuandika kidogo lazima kwanza ihangaike kufuta na kupanga upya vipande vya zamani, ndio maana hata kamera unaisubiri mpaka tukio linapita. Nenda WhatsApp, setingi, sehemu ya hifadhi na data, inakupangia magrupu kuanzia lenye mzigo mkubwa. Kuna kaka hapa nimeangalia simu yake kabla hatujaanza, GB 32, grupu la kamati ya harusi limejaza video mpaka basi na maharusi wenyewe washapata mtoto. Tumefuta, tumezima na ile tabia ya kupakua kila kinachotumwa, ameondoka anacheka. Hiyo haijamgharimu hata mia.

Sasa zile apu za kusafisha RAM, yani memori ya muda ya kazi inayoendelea, zenye roketi na mshale unaozunguka. Zitoe. Leo leo. Android inaacha apu ulizotoka kuzitumia zikae kwenye RAM makusudi ili ukizirudia zifunguke haraka, na RAM ikihitajika kwa kazi nyingine inazitoa yenyewe bila kuambiwa. Ukizifunga zote kila baada ya dakika tano ni sawa na kumwagia maji jiko la mkaa kila ukiipua sufuria halafu uanze kuliwasha upya, unakula mkaa, yani betri, na chakula kinachelewa. Halafu ile apu yenyewe inakaa hapo inakuonyesha matangazo. Na tukiwa hapohapo kwenye RAM, ukiona boksi limeandikwa 4+4 au 8 kwa herufi kubwa na chini kuna maelezo madogo, soma yale madogo. Nusu ya hiyo mara nyingi sio RAM, ni kipande cha memori ya kawaida kimeazimwa, na memori ya kawaida ina spidi ndogo kuliko RAM kwa mbali sana. Kwa simu ambayo imeshajaa ndio unazidi kuibana, mi huwa naizima hiyo kitu.

Kuna mlango mmoja kwenye Android wengi hamjawahi kuufungua. Ingia setingi, Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo, iguse mara saba. Itakuambia umekuwa msanidi programu, hongera, hakuna aliyekufanyia usaili. Kwenye setingi itatokea menyu ya wasanidi programu, na humo ndani kuna skeli tatu za animesheni, zimewekwa 1x, weka 0.5x zote. Mtaona simu imekuwa nyepesi hapohapo, lakini niwe mkweli, haijaongezeka nguvu, umepunguza muda wa zile mbwembwe za madirisha kufunguka na kujifunga. Vingine vya humo usivyovijua viache kama ulivyovikuta.

Humohumo ndio kuna kuruhusu USB ya kurekebisha (USB debugging), na hapa ndio panaponoga. Ukiwa na laptopu unaweka programu inaitwa ADB, ya bure, inatoka Google wenyewe, unachomeka simu kwa waya, simu inakuuliza kama unaiamini hii kompyuta, unakubali. Kuanzia hapo unaweza kuondoa yale maapu yaliyokuja na simu ambayo setingi inakataa kuyatoa, stoo ya pili ya apu, kivinjari cha tatu, kile kinachorusha matangazo kwenye kioo umelala. Amri yenyewe ni fupi, adb shell pm uninstall --user 0 halafu unamalizia na jina la ndani la apu. Uzuri wake ni kwamba haifuti kabisa, inaiondoa kwako wewe mtumiaji tu, faili lake linabaki kwenye mfumo, kwahiyo usitegemee kupata nafasi, utakachopata ni utulivu. Ukikosea unairudisha kwa amri nyingine au kwa kurisetia simu. Lakini chukua jina moja, litafute ujue ni la nini, ndio utoe. Kuna vijana wanakopi orodha nzima ya mtu mwenye simu nyingine kabisa, wanabandika, kesho simu haipigi.

Naona mkono pale, anauliza kuhusu kuruti, yani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu. Nilijua tu hatutamaliza bila hilo. Zamani kuruti kulikuwa na maana kubwa, mtu alikuwa anaweka CyanogenMod, Android iliyotengenezwa na watu wa nje ya kampuni ya simu, ilianza 2009, simu iliyotelekezwa na kampuni yake inapata Android mpya, ilipokufa mwisho wa 2016 wenyewe wakaendelea na LineageOS ambayo ipo mpaka leo. Kama una simu ya zamani iko kwenye droo na iko kwenye orodha yao, ichukue ujifunzie, ni raha sana. Lakini simu unayotembea nayo, yenye laini yako na hela zako, mi sikushauri. Kufungua butiloda, ile programu ndogo inayouwasha mfumo wa simu, kunafuta kila kitu kilichomo, kwa Samsung kuna alama ya Knox, ulinzi wao wa ndani, ikishavunjika hairudi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwandani, na apu nyingi za benki zikigundua simu ina ruti zinagoma kufunguka. Faida nyingi zilizokuwa zinamfanya mtu aruti, kama kurekodi kioo, siku hizi ziko ndani ya Android yenyewe. Na yule atakayekuambia anakubadilishia IMEI, namba ya utambulisho wa simu, hiyo sio kuchokonoa, ni kosa la jinai, na mnakumbuka Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilivyozima simu feki watu wakaamka hazina mtandao.

Nani ana simu imekufa tachi? Kioo kinawaka ila ukigusa hakuna kitu? Dada, njoo nayo, usiogope. Hii imepigwa ufa hapa kona, kioo kinaonyesha vizuri, haisikii kidole. Fundi kamwambia abadili kioo kizima ndio picha zipatikane. Sasa angalieni. Hiki ni kiwaya cha OTG, kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB, hii ni mausi ya kawaida ya kompyuta. Nachomeka... mnaona kamshale katikati ya kioo? Kenyewe hako. Dada shika mausi, chora pateni yako kwa kubonyeza na kuburuta, sisi tunaangalia pembeni. Imefunguka! Piga makofi jamani. Sasa anaweza kutuma picha zake, kuhamisha namba, kisha aamue kwa nafasi yake kama kioo kinastahili hiyo hela. Karibu Android zote za kawaida zinakubali mausi na kibodi namna hii, kuna zinazokataa OTG ila ni chache. Kama kioo chenyewe ni cheusi kabisa hapo habari nyingine, inabidi uwe ulisharuhusu ile USB ya kurekebisha na kuiamini laptopu yako kabla haijadondoka, ndio uione simu kwenye laptopu kwa programu inaitwa scrcpy.

Twende kwenye laptopu, hapa sitazunguka. Ukinunua mtumba Kariakoo, yenye prosesa ya Intel i5 ya jenaresheni ya 4 au ya 6, na ndani ina hard disk ya zamani, kinachobana ni hiyo diski. Fungua Task Manager laptopu ikiwa inastaki, angalia safu ya diski, utakuta asilimia 100 wakati prosesa iko 8 inapiga miayo. Ile diski ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kuna kimkono kinahama huku na huku kutafuta data, kwa sekunde moja kinaweza kufika sehemu tofauti kama mia hivi, basi. SSD haina kinachozunguka, inafika makumi ya maelfu. Windows ikiwaka inasoma vijifaili vidogovidogo vingi mno, ndio maana unawasha, unaenda kuoga, unarudi bado. Weka SSD ya inchi 2.5, skrubu chache tu, laptopu ileile utaikana. RAM ije baadaye na ukienda kuinunua angalia kwanza aina, kuna DDR3 na DDR3L ya volti 1.35, na mashine nyingi zinazotaka L haziwaki na ile ya kawaida. Nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi, huongezi, ulizia kabla hujalipa.

Na Windows 10 Microsoft walisimamisha sapoti yake Oktoba 14, 2025, wakati Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa Intel kuanzia jenaresheni ya 8, kwahiyo mashine nyingi nzima kabisa zimeambiwa zimezeeka. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye flashi ya GB 8, washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, jaribu waifai, sauti, kamera, ukiridhika ndio usakinishe. Word halisi haimo, kuna LibreOffice, na faili lenye majedwali mengi linaweza kuhama mistari, mtu wa ripoti za ofisini alijue hilo mapema. Ila kwa kusoma, kuandika kodi za programu na kuangalia mpira inatosha sana.

Swali la mwisho nimelisikia, kulala na simu kwenye chaji. Simu hailipuki eti kwa kuwa imejaa, inajikata yenyewe. Kinachoichosha betri ya lithiamu ni joto na kukaa 100 masaa mengi, simu nyingi sasa zina setingi ya kuishia 80, iwashe, na usiifunike na mto. Halafu betri ikichoka inaweza kuwa ndio inayobana spidi pia. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza spidi za aifoni zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla, wakashusha bei ya kubadilisha kutoka dola 79 hadi 29, na watu waliokuwa wanajiandaa kununua simu mpya wakabadilisha betri tu mambo yakarudi. Ikivimba lakini usiitoboe wala kuibonyeza irudi, zima, usichaji, peleka kwa fundi.

Haya, nani laptopu yake ina diski ya sahani na yuko tayari tuifungue hapahapa? Bisibisi ninayo.