Droo Isiyo na Kufuli

Ndugu wasikilizaji, mada yetu ni maadili ya wadukuzi wa kompyuta, nami nianze na neno lenyewe. Kabla kompyuta hazijatufikia, mdukuzi alikuwa mtu wa kutega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Tulipowapa jina hilo hawa wa kompyuta, tulikuwa tumeshawahukumu. Sitalibadilisha leo, limeshakaa. Ila tumsikilize mshtakiwa.

Twendeni chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961. Imeletwa kompyuta ya PDP-1, na vijana wa klabu ya reli za mfano, mafundi wa nyaya na swichi, wanakesha nayo. Programu zimetobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tepe zinakaa kwenye droo kando ya mashine. Anayetaka anachukua, anasoma mwenzake alivyofanya, anarekebisha, anarudisha. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wakatengeneza Spacewar, mchezo wa vyombo vya angani vinavyopigana. Nyota za nyuma zilikuwa zimetawanywa ovyo tu. Peter Samson hilo likamkera (hebu fikirini, mtu anakosa raha kwa ajili ya nyota za mchezo!), akaandika programu ya kuchora anga halisi, kila nyota mahali pake, kali ikiwa kali na hafifu ikiwa hafifu. Ikaingia kwenye mchezo.

Hapo ndipo maadili ya wadukuzi yalipozaliwa. Ulichokijua usikifiche. Na hupimwi kwa shahada wala umri: Peter Deutsch alianza kuzizoea mashine za pale akiwa na miaka 12 tu, na wakubwa wakamsikiliza kwa sababu programu zake zilifanya kazi.

Lakini mimi naona droo ile iliweza kukaa wazi kwa sababu moja ambayo wanaoisifu huipita haraka. Ndani yake hamkuwa na siri ya mtu. Hamkuwa na faili la mgonjwa, wala mshahara wa jirani, wala barua ya mpenzi. Kusema habari ziwe huru ni rahisi pale ambapo habari zenyewe ni hesabu na nyota.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Klabu yao ya wadukuzi, Chaos Computer Club, ilianzishwa Berlin mwaka 1981. Novemba 1984 wanachama wake walitumia nywila ya benki moja ya Hamburg kwenye mtandao wa kompyuta wa posta, wakaifanya kompyuta ifungue usiku kucha ukurasa wao, ambao kila anayeufungua hutozwa fedha, tena na tena. Kulipokucha benki ilikuwa inadaiwa zaidi ya mark 130,000. Wakatangaza wenyewe hadharani, na fedha wakazirudisha. Posta ilikuwa imesifia mtandao huo kuwa salama. Klabu hiyo ndiyo iliyoongeza kwenye maadili ya zamani kwamba usichafue data za watu, na kwamba data za umma zitumike lakini za mtu binafsi zilindwe. Kwangu mimi, nyongeza hiyo ina uzito kuliko yote yaliyotangulia.

Mfano wa mwisho. Mwaka 2008 Dan Kaminsky, mtafiti wa usalama wa kompyuta, aligundua kasoro katika mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Mhalifu angeweza kukupeleka kwenye benki bandia huku jina uliloandika likiwa sahihi kabisa. Kwa sheria ya droo, alitakiwa aiseme papo hapo. Akanyamaza. Aliwakusanya watengenezaji wa programu kimyakimya, na tarehe 8 Julai wakatoa marekebisho kwa pamoja. Aliomba mwezi mmoja kabla ya undani kuelezwa. Ukavuja baada ya wiki mbili hivi.

Siku hizi watafiti wengi humpa mtengenezaji siku 90 za kuziba kasoro, kisha huichapisha, awe ametengeneza au hajatengeneza. Watengenezaji hulalamika kwamba muda ni mfupi, wadukuzi husema ni mrefu mno. Mwenye kompyuta inayokaa na tundu siku zote hizo hayumo kwenye mabishano hayo. Maswali yenu ningependa yaanzie kwake.