Pilates kwa Anayeanza: Mazungumzo Kutoka Tanga

ZUHURA: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na kwingineko. Mimi ni Zuhura, na leo tunazungumzia Pilates, mazoezi ambayo kwa muda sasa nimekuwa nikiyafanya katika darasa la wanaoanza huku Raskazone. Mwenzangu, Kaka Mbaruku, hajawahi kuyajaribu, kwa hiyo uwanja ni wake.

MBARUKU: Wa alaykum salaam, Dada Zuhura. Nianze na lile linalonitatiza. Sisi tumezoea kwamba mazoezi ni kukimbia alfajiri, kucheza mpira, au kuendesha baiskeli kutoka Ngamiani hadi baharini, yaani shughuli ambayo jasho lake linaonekana. Nimetazama video za Pilates, nikaona watu wamelala chali wakinyanyua mguu mmoja taratibu. Mwili unapata kazi gani hapo?

ZUHURA: Unapata kazi kubwa, na ugumu wake umo katika utaratibu huohuo unaouona mwepesi. Ukiurusha mguu kwa kasi, ile kasi yenyewe inaubeba, na misuli haina la kufanya. Lakini ukiunyanyua polepole, kisha ukaushusha polepole zaidi bila kuruhusu kiuno kijikunje wala nyonga kuyumba, misuli ya ndani ya tumbo, misuli midogo iliyo kandokando ya uti wa mgongo na ile ya sakafu ya nyonga, yaani iliyotanda chini kabisa ya nyonga, hulazimika kuushikilia mwili muda wote. Watu wengi hatujawahi kuisikia misuli hiyo ikifanya kazi, na ndiyo maana darasa la kwanza huwashangaza hata vijana wenye vifua vipana.

MBARUKU: Na haya mazoezi yametoka wapi?

ZUHURA: Aliyeyaunda ni Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, naye akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, hatimaye katika kambi ya Knockaloe, Kisiwa cha Man, ambako aliendelea kuyaendeleza mazoezi yake pamoja na waliokuwa wamezuiliwa naye.

MBARUKU: Ni vita hiyohiyo iliyopiganwa hapa kwetu Tanga mwezi Novemba 1914.

ZUHURA: Hiyohiyo. Katika miaka ya 1920 alihamia New York, na huko yeye na Clara, mwenzi wake, wakafungua chumba cha mazoezi ambacho kilipendwa sana na wacheza dansi, hasa waliokuwa wameumia. Alifariki mwaka 1967. Mfuatano wa mazoezi ya mkekani alioueleza kwa maandishi mwaka 1945 una mazoezi 34, na mpaka leo walimu wengi wanautumia kama msingi, ingawa anayeanza hupewa machache tu, tena yaliyorahisishwa.

MBARUKU: Nieleze basi zoezi moja kwa ukamilifu, nipate kuliona akilini.

ZUHURA: Nitakueleza linaloitwa mia, kwa sababu ndilo linalofungua mfuatano huo, na ndilo linalowakosesha wengi raha. Unalala chali, mikono imenyooka kando ya mwili, unanyanyua kichwa na mabega, kisha miguu inanyooshwa hewani bila kugusa sakafu. Mikono inapigwapiga juu na chini kwa mwendo mdogo: mapigo matano unavuta pumzi, mapigo matano unaitoa, mara 10, na jumla yake ni mapigo 100. Anayeanza hapaswi kulifanya hivyo siku ya kwanza. Anakunja magoti na kuweka nyayo chini, na shingo ikianza kuuma anarudisha kichwa mkekani mara moja. Maumivu ya shingo katika zoezi hili mara nyingi maana yake ni kwamba tumbo limechoka na shingo imeanza kuibeba kazi isiyo yake. Kuvumilia hapo hakumjengi mtu.

MBARUKU: Umetaja pumzi. Kwa nini inahesabiwa kwa makini namna hiyo? Si kila mtu anapumua?

ZUHURA: Tunapumua, lakini wengi wetu tukijikaza tunaibana pumzi, na hapo mwili mzima unakakamaa. Katika Pilates unavuta hewa kwa pua na kuielekeza mbavuni, pembeni na nyuma, mbavu zifunguke kama mwamvuli, huku tumbo la chini likiwa limeingizwa ndani kidogo. Kisha unaitoa kwa mdomo, na sehemu ngumu ya zoezi kwa kawaida huangukia wakati huo wa kutoa, kwa sababu misuli ya ndani ya tumbo husaidia kusukuma hewa nje na hivyo inakuwa tayari imeamka. Kwa maoni yangu, mgeni akitoka darasa la kwanza hajajifunza kitu kingine chochote ila kupumua hivi, muda wake haukupotea. Nimeona watu wakiharakia mazoezi ya picha nzuri ilhali pumzi bado inawakatika, na inanisikitisha, kwa sababu wanajichosha bila kupata kile walichokifuata.

MBARUKU: Tuje kwenye mavazi, maana najua wasikilizaji wetu wa kike wanalisubiri hilo.

ZUHURA: Kujisitiri hakuzuii chochote. Suruali ndefu inayonyumbuka, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliobanwa vizuri vinatosha, na wengi darasani kwetu ndivyo tunavyovaa. Dera halifai, kwa kuwa linamficha mwalimu magoti na nyonga zako, naye hawezi kurekebisha asichokiona. Tena linajisokota miguuni unapojiviringisha. Miguu huwa peku. Mkeka wa ukindu nao tuuache nyumbani, kwa sababu unateleza kwenye vigae, na mazoezi mengi yanakuviringisha juu ya mifupa ya mgongo, kwa hiyo unahitaji godoro la mazoezi lenye unene wa kutosha.

MBARUKU: Na joto letu?

ZUHURA: Majira ya kaskazi chagua darasa la asubuhi mapema au la baada ya alasiri, na usile mlo mzito karibu na muda wa darasa.

MBARUKU: Kuna watu wanaosema Pilates inaponya mgongo. Mimi nasahihisha madaftari nikiwa nimeinama saa nzima, kwa hiyo maneno hayo yananivuta.

ZUHURA: Hapo nitasema kwa tahadhari. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, yaliyojumuisha majaribio 10 kuhusu maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yalionyesha kwamba Pilates inaweza kupunguza maumivu ikilinganishwa na kutofanya chochote au kufanya kidogo sana, lakini hapakuwa na ushahidi wa kuridhisha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Kwa hiyo anayependa kuogelea asiache kuogelea, na matembezi yako ya jioni yaendelee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na Pilates huingia vizuri katika hizo siku mbili.

MBARUKU: Ni nani anayepaswa kumwona daktari kwanza?

ZUHURA: Mwenye mifupa iliyopungua uimara, kwa sababu kuukunja mgongo mbele kwa nguvu kunaweza kuvunja pingili za uti wa mgongo, mwenye maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mjamzito, na mama aliyejifungua karibuni, ambaye tumbo lake linahitaji kukaguliwa kabla ya kurudi kwenye zoezi kama lile la mia. Mwalimu anayejua kazi yake atauliza haya yote kabla hujalala mkekani. Asipouliza, mimi ningeondoka.

MBARUKU: Kwani walimu hawana leseni moja inayotambulika?

ZUHURA: Jina lenyewe halimilikiwi na mtu. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, halina mwenye haki nalo peke yake. Ndiyo maana inakubidi umuulize mwalimu amesomea wapi na kwa muda gani, kisha umtazame anavyofundisha: je, anazunguka na kuwaangalia watu, au anafanya mazoezi yake mbele huku nyuma kila mtu anajipinda apendavyo? Darasa dogo ni bora. Zile mashine zenye kitanda kinachoteleza na springi si lazima kwa anayeanza. Mkeka unatosha kabisa kwa miezi mingi. Lipia darasa moja kwanza kabla ya kulipia mwezi.

MBARUKU: Goti langu la kushoto liliwahi kuumia uwanjani. Nilitaje?

ZUHURA: Litaje mapema, na useme ni mkunjo gani unaoliamsha, ili akupunguzie mazoezi ya kupiga magoti. Kama unakuja Jumamosi, fika robo saa kabla, kwa kuwa huo ndio muda ambao mwalimu wetu huzungumza na mgeni mmoja mmoja.

MBARUKU: Nitakuja, insha'Allah.