Seli na Jirani Yake

Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya Isha

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mama zangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni, mkeka una nafasi huku pembeni.

Juu ya meza hii nina mayai manne ya kuku wa kienyeji. Mawili yamelaliwa siku 4, moja siku 7, na hili la mwisho siku 12. Tukimaliza kuzungumza tutazima taa tuyamulike.

Kumulika mayai nilifunzwa na nyanya yangu kule Majengo, nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa akilishika yai mbele ya tochi, kiganja kikikinga mwanga, akitenga viza na mazima. Usiku mmoja akaniita nitazame. Niliona nukta nyekundu, na nyuzi za damu zimetawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Nukta ile ilikuwa inapiga. Nikamuuliza, "Nyanya, nani ameuambia moyo ukae hapo?" Akanijibu, "Ameuambia aliyeuumba. Sasa nenda ukalale." Nimekwenda nikalala, nikaamka na swali lile lile, na ndilo lililonipeleka kusomea biolojia. Wengi hapa tumehifadhi tangu chuoni aya za tone, pande la damu na pande la nyama. Kuzifasiri hizo nawaachia masheikh wetu. Mimi leo nawaeleza yale yaliyoonekana kwa hadubini.

Kila mmoja wetu alianza kwa seli moja, upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Mtu mzima ana seli zinazokadiriwa kufika trilioni 37, za aina zaidi ya 200. Iko ya misuli inayojikunja, ya jicho inayopokea mwanga, ya ini inayosafisha sumu, na ya neva inayoweza kuwa na mkia unaotoka kiunoni hadi kwenye kidole cha mguu. Zote ni watoto wa seli ile moja. Tofauti zimetoka wapi?

Zamani wengi waliamini kwamba yai linapogawanyika, maelekezo yake hugawanywa kama mirathi: huyu apewe shamba, yule nyumba, yule mashua. Seli ya jicho imerithi maelekezo ya jicho tu. Mwaka 1888 Mjerumani Wilhelm Roux alichukua kiinitete cha chura, yaani yai lililokwisha anza kukua, chenye seli mbili, akaiua moja kwa sindano ya moto. Iliyobaki ikatoa nusu ya kiinitete. Ikaonekana mambo yamekwisha, ni mirathi kweli.

Miaka mitatu baadaye Mjerumani mwingine, Hans Driesch, akatumia yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mirefu, ambaye ukienda mwambani Nyali wakati wa bamvua bila viatu utamjua kwa uchungu. Driesch alikitikisa kiinitete chenye seli mbili ndani ya maji ya bahari mpaka zikaachana, akaziacha. Alitarajia nusu mbili. Kesho yake akakuta viluwiluwi viwili vinaogelea, vidogo lakini kamili.

Sasa nani mkweli? Jibu lilipatikana baadaye, nami nalipenda sana. Katika jaribio la Roux, seli iliyokufa haikuondolewa; mzoga wake ulibaki umegandana na ile hai. Wengine walipoiondoa kabisa seli moja ya chura, iliyobaki ilitoa kiinitete kizima. Kumbe ile hai ilikuwa bado inahisi kwamba ina jirani, ndiyo maana ikafanya nusu yake tu. Driesch aliziachanisha, kila moja ikajikuta peke yake, ikafanya kazi yote. Mapacha wa kufanana nao hutokea hivyo: kiinitete kimoja kikigawanyika mapema, kila upande hujenga mtu kamili.

Kwa hiyo hakuna mirathi. Kila seli imepewa kitabu kizima. Aliyelithibitisha jambo hili kwa namna isiyoacha shaka ni Mwingereza John Gurdon. Mwaka 1962 alitangaza kwamba amechukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, yaani ile sehemu ya katikati ya seli yenye maelekezo yake, akakitia ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa. Mengi ya mayai hayo yalikufa, lakini machache yalikua, na mwishowe wakapatikana vyura wazima. Seli ya utumbo, iliyokuwa haijui ila kusaga chakula, bado ilikuwa na maelekezo ya jicho, ya mguu, ya moyo. Chura aliyemtumia, niliseme na hili, ni wa bara letu, wa kusini mwa Afrika.

Maelekezo hayo huitwa jeni, na mtu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini. Ichukulieni kama nyumba yenye milango 20,000, na kila seli inaishi katika nyumba ya ramani ile ile. Seli ya ini imefungua milango fulani, mingine imeitia kufuli. Seli ya ngozi imefungua mingine. Ziko protini maalumu ambazo kazi yake ni kufungua, na ziko za kufunga. Na seli ikizaa, watoto wake hurithi milango ile ile iliyo wazi na makufuli yale yale. Ndiyo maana kidonda cha mkono kikipona huota ngozi, hakioti jino.

Lakini hapo swali la utotoni linarudi: nani anayeamua mlango upi ufunguliwe? Fundi wa jahazi akianza kazi huweka mkuku, kisha mataruma, kisha mbao, na muda wote amesimama nje akitazama kwa jicho lake. Kiinitete hakina fundi anayesimama pembeni, wala hakuna seli moja iliyo nyapara wa wenzake. Kila seli inajua mambo mawili tu: imetoka wapi, na jirani anaiambia nini.

Uamuzi wa kwanza ni mwepesi kabisa. Siku ya 4 au ya 5, kiinitete cha binadamu ni kitonge cha seli kadhaa kinachoshuka kuelekea tumboni. Seli za nje zina upande mmoja usioguswa na mtu. Za ndani zimezungukwa pande zote. Basi, hiyo yatosha. Za nje zitakwenda kujenga kondo la nyuma, za ndani zitakuwa mtoto. Seli ambayo ingebahatika kusukumwa ndani ingekuwa sehemu ya mtu.

Kama siku ya 15 hutokea jambo zito zaidi: seli za juu zinaanza kuzama katikati na kujipanga tabaka tatu. Tabaka la nje litatoa ngozi na ubongo, la kati misuli, mifupa, moyo na damu, la ndani utando wa utumbo na mapafu, pamoja na ini. Lewis Wolpert, mtaalamu aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa akisema kwamba tukio hili ndilo kubwa maishani, kuliko kuzaliwa, kuoa au kufa. Na mama wakati huo hajajua kitu. Ndiyo kwanza anahesabu siku za hedhi yake.

Ngozi na ubongo kutoka tabaka moja? Naona mama mmoja ametikisa kichwa. Ndiyo, mama, tabaka moja. Na njia zinavyoachana ni kisa cha Hilde Mangold, mwanafunzi wa Hans Spemann mjini Freiburg. Walitumia viinitete vya wanyama wa majini wanaofanana na mijusi, aina mbili, moja ya rangi hafifu na nyingine nyeusi, ili seli zisipoteane. Mangold, kwa mikono isiyotetemeka, alikata kipande kidogo kutoka mahali ambapo seli huanza kuzama, akakipandikiza kwenye upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Hapo tumboni pakaota mwili wa pili, wenye uti na neva zake, umeungana na wa kwanza tumbo kwa tumbo. Na alipotazama rangi, sehemu kubwa ya mwili ule wa pili ilikuwa ya mwenyeji. Kipande kile cha mgeni hakikujijengea mwili peke yake, kiliwashawishi majirani. Seli zilizokuwa zimekwisha shika njia ya kuwa ngozi ya tumbo zikawa neva.

Makala ilitoka mwaka 1924. Mwaka huo huo Hilde Mangold aliungua kwa moto wa jiko nyumbani kwake akafariki, hajafika hata miaka 26. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Ninapowafundisha wasichana wetu kisa hiki, jina la Mangold hulitaja kwanza.

Kile kipande kilisema nini kwa majirani? Watu walitafuta miaka sabini hivi. Ikadhaniwa kuna kemikali inayoamrisha, "kuwa ubongo." Ikaja kugundulika kinyume chake. Seli za tabaka la nje hupelekewa ujumbe usemao "kuwa ngozi", na kipande cha Mangold hutoa protini zinazouzuia ujumbe huo usifike. Seli isiyoufikiwa na ujumbe huo hushika njia ya neva. Ubongo wetu ulianza pale ambapo amri ya kuwa ngozi ilizuiwa. Mimi nimesoma haya miaka mingi na bado yananisisimua.

Mara nyingine ujumbe ni ule ule, ila kiasi ndicho kinachotofautiana. Weka chetezo cha udi chumbani. Aliyekaa karibu nacho macho yatamwasha, wa katikati atasikia harufu nzuri, wa mlangoni ataisikia kwa mbali. Mkono wa mtoto unapochipuka, seli za upande wa kidole cha mwisho hutoa protini inayosambaa vivyo hivyo. Penye nyingi panakuwa kidole cha mwisho, penye kidogo vidole vya mbele, na gumba hukua bila kuihitaji. Wataalamu walipopandikiza chetezo cha pili upande wa pili wa bawa la kifaranga, bawa likaota vidole vya ziada, vimepangika kama sura kwenye kioo. Na vidole hivyo mwanzoni vimeunganishwa kama kasia. Seli zilizo katikati yake hufa kwa mpango, ndipo vidole viachane. Kuku hupoteza utando ule, bata huubakisha, naye kwa huo huogelea.

Na haya yote yana wakati wake. Wazee walisema udongo uwahi uli maji. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga wenyewe kufikia siku ya 28. Usipojifunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wiki mbili tu zimepita tangu hedhi ikosekane. Ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, humezwa kabla ya kushika mimba, si baada ya kwenda kliniki mwezi wa nne. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe foliki. Mbaazi zetu za asubuhi nazo zinayo, lakini, mabinti zangu, msitegemee mbaazi peke yake.

Nikirudi kwenye jahazi: jahazi huundwa juu ya nchi kavu, likikamilika ndipo lishushwe majini. Kiinitete kinasafiri huku kinaundwa. Moyo wa binadamu huanza kupiga kama siku ya 22, kabla hapajawa na mkono, kwa sababu seli zimeshakuwa nyingi na chakula lazima kizifikie.

Damu hiyo inanileta kwenye jambo ambalo nyumba nyingi za Pwani zinalijua kwa machozi, yaani ugonjwa wa damu wa selimundu. Mtoto anazaliwa mzima, ananenepa, kisha akikaribia miezi 6 vidole vinavimba, analia usiku. Nina mpwa wangu hivyo. Dada yangu alijilaumu, akidhani kuna kitu alimlisha. Hakumlisha kitu. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya mimba, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, inayoivuta kwa nguvu kutoka kwa damu ya mama, na mlango wa jeni ile hauna kasoro. Baada ya kuzaliwa mlango huo hufungwa taratibu, ukafunguliwa wa himoglobini ya ukubwani, na huo ndio wenye kasoro. Bawabu anayefunga ule wa kwanza anajulikana: ni protini iitwayo BCL11A. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayomwondoa bawabu huyo katika seli shina za damu, zile zinazozaa seli za damu, za mgonjwa mwenyewe, ili mlango wa utotoni ufunguke tena. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, na hilo linaniuma nikiwatazama mliokaa hapa. Lakini vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo baadhi yenu mnavijua, navyo huongeza himoglobini hiyo hiyo ya mimba. Mwenye mtoto, asiache kumuuliza daktari.

Mlango kufunguliwa upya si ajabu tena. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionesha kwamba jeni 4 tu, zikitiwa ndani ya seli ya kawaida ya panya, zaweza kuirudisha iwe kama ya kiinitete, tayari kuchagua njia upya. Mwaka uliofuata akafanya kwa seli za binadamu. Yeye na Gurdon walipewa Nobel pamoja mwaka 2012. Udongo uliokauka umelowana tena.

Nimezungumza kuliko nilivyopangiwa. Tuanze na lile la siku 4. Mtaona nukta, na nyuzi zinazotoka kwake. Mkitulia mtaiona ikipiga. Hili la siku 12 lina kivuli kinachocheza, msilitikise, nalirudisha kwa kuku usiku huu huu, lina siku 9 zimebaki. Watoto waje mbele kwanza. Mwanangu, hebu zima taa hiyo.